Kingamwili Iliyotolewa Kwenye Frigo

Mayimuna anauza vitenge katika soko la Likasi, na wateja wake wanajua: ukimpigia kelele, atakupigia zaidi. Mumewe Assani, dereva wa lori la Kakanda, husema hasira ya mkewe ilitangulia kuzaliwa, yeye akafuata.

Mwaka jana alikatwa uvimbe kwenye titi. Ulikuwa saratani. Daktari akamweleza kwamba kipande chake kitapimwa kwa kingamwili, dawa ya maabara iliyotengenezwa kushika protini moja tu ndani ya seli za binadamu. Ikiikuta, seli huonekana za kahawia, na mgonjwa hupewa vidonge vya kuizuia. Isipoikuta, vidonge havina kazi.

Jibu likatoka: protini hakuna. Mayimuna akapewa sindano tu, zilizomng'oa nywele na kumtapisha nyongo.

Kwenye benchi la kungojea sindano alizoea kukaa na Suzanne, mjane wa Shituru. Siku moja wakaulizana majibu. Suzanne naye: hakuna. Mwanamke wa Kakontwe aliyekaa karibu: hakuna. Wakauliza benchi zima; wote walikuwa na jibu hilohilo.

"Bote?" akasema Mayimuna.

"Bote," Suzanne akajibu.

Damu ikampanda Mayimuna. Mizani ikisema sufuri kwa kila mzigo, nani atalaumu mizigo? Akaenda moja kwa moja maabara, kilemba kikimlegea kichwani.

Mkuu wa maabara, Floribert, alimzuia mlangoni. "Mama, calmez-vous. Hii ni mambo ya docta."

"Minye sitatulia! Banamuke bote ya lile benchi, hata moja haiko na ile protini? Ile dawa yenu inaona kweli?"

Nyuma ya Floribert, Jaël, fundi wa maabara, aliweka chini kioo alichoshika. "Chef, tumwambie. Hata kile kipande cha kujaribia, chenye tunajua iko na protini, hakikushika rangi. Nilikuambia."

Yote yakatoka. Wakati wa sherehe ya hospitali, Floribert alitoa kingamwili kwenye frigo ili apate nafasi ya bia. Chupa za kingamwili zikashinda dirishani, juani, zikaharibika. Akaendelea kuzitumia na kusaini majibu, maana kuagiza nyingine kungemlazimu aeleze.

"Bia!" Mayimuna alifoka hata wagonjwa wakatoka nje. "Uliweka bia mu nafasi ya maisha yetu!"

Akaketi kizingitini, akaapa hataondoka mpaka mganga mkuu aje. Wanawake wa benchi wakaja kuketi naye, mmoja mmoja, wengine wakishikwa mkono.

Mganga mkuu akaja, na kingamwili mpya ikaletwa kutoka Lubumbashi ndani ya barafu. Vipande vya uvimbe vilikuwa bado vimehifadhiwa kwenye nta, vikapimwa upya. Cha Mayimuna kikawa kahawia. Cha Suzanne vilevile.

Mayimuna anameza kidonge kila asubuhi, na nywele zimerudi. Suzanne naye alipewa vidonge, lakini saratani ilikuwa imeshaingia mifupani. Alifariki kabla ya mvua.

Floribert, ambaye adhabu yake ilikuwa kuhamishwa ofisi tu, alikuja matangani, akamnyooshea Mayimuna mkono.

"Rudi kwako," Mayimuna akamwambia. "Batoto ya Suzanne beko hapa, banakuangalia."

Wanakwaya walioimba na Suzanne kanisani walimsihi Mayimuna asamehe. Alikataa mbele ya jeneza, na hadi leo anakataa.