Mvua ya Ijumaa Kuu

Usiniambie nilikuwa mtoto, Masalu. Leo mezani umenibishia, eti dagaa wenyewe walishaoza zamani, namkumbusha Mama ya nini? Mdogo wangu, wewe ulikuwa bado unabebwa mgongoni. Unajua nini?

Enzi zile, kijijini kwetu kando ya ziwa, Kwaresima ilikuwa mashindano. Tuliacha sukari kwenye uji, halafu tukatangaza shule nzima ijue. Ijumaa Kuu tulipanda mlimani peku kwa Njia ya Msalaba, mawe yanaunguza, na aliyerudi na kidole kinachotoa damu ndiye mtakatifu wa wiki. Siku hizi watoto wanapanda na raba nyeupe, wanapiga selfi kituo cha tatu, Yesu kaanguka nyuma yao. Nawacheka bure. Sisi tulijionyesha vilevile, ila simu ndiyo hatukuwa nayo.

Nilikuwa darasa la tano, nimechaguliwa kubeba msalaba. Mama alikuwa ameanika dagaa kwenye mawe tangu alfajiri. Akaniita: "Mwanangu, leo baki unisaidie. Mvua ikija sitaweza kuwaanua wote."

Nikamjibu, "Mama, hata Yesu hakubaki nyumbani."

Alicheka mpaka akashika kiuno. "Haya, Yesu wangu, nenda. Ila ukirudi, vyombo vinakusubiri."

Mvua ilitukuta kituo cha tisa. Tukaimba kwa nguvu zaidi, tunajiona mashahidi. Nyumbani nikamkuta Mama ameloa chapachapa, dagaa zaidi ya nusu wamelowa, wameanza kunuka. Mimi nikamwonyesha kidole changu cha mguu kilichopasuka. Akachemsha maji, akatia chumvi, akapiga magoti akaniosha. "Pole mwanangu, umeteseka na Bwana." Nami nikanyoosha na mguu wa pili.

Wale dagaa waliishia kuwa chakula cha kuku. Wiki iliyofuata Mama akaenda Magu kupalilia mpunga wa watu ili tule, akarudi na mgongo ambao mpaka leo haujanyooka. Hakuna aliyemwimbia. Hakuna aliyemwambia kwamba na yeye kateseka na Bwana.

Na kuna jambo sijawahi kusema, hata kwenye kitubio. Kituo cha nne niligeuka, nikaona wingu jeusi linatoka ziwani. Kushuka hadi nyumbani ni dakika kumi tu. Lakini ningeshuka, msalaba angepewa Sabina, mwenzangu wa darasani, na Sabina ndiye angesifiwa.

Kila Kwaresima Mama huwasimulia wageni nilivyobeba msalaba kwenye mvua. Nami huinamisha kichwa, wanadhani ni unyenyekevu. Zamani kidole kilipasuka nikalala na furaha. Sasa hakuna kinachoniuma mwilini, na usingizi hauji.

Kesho ni Ijumaa Kuu. Asubuhi, kabla watu hawajaanza kupanda, nitamsalimia Mama, nitakaa naye chini, nimwambie kwamba wingu nililiona. Akikasirika, akasirike. Umri wangu wa siku ile sitautaja.