Manjano ya Jasleen

Milcah hakuuza losheni kama anayeuza sukuma wiki. Ukifika kwenye kibanda chake katikati ya jiji, alikukalisha akakuhoji kama askari wa trafiki: unaoga kwa sabuni gani, ngozi inakaza ukishajipangusa, inatoa mafuta mchana? Kisha alirudi kwake Mutuini akakuchanganyia chupa yako peke yako. "Kuuliza si ujinga," alizoea kusema, na alipenda kweli kujisikia akiuliza.

Jasleen wa Parklands alijibu yote. Ngozi kavu, mabaka mashavuni, harusi iko karibu. Milcah akamtengenezea losheni ya kuyachubua mabaka polepole. Asichouliza ni maharusi wa Kisikh hufanyiwa nini kabla ya siku yao. Kwao Milcah, bibi harusi hupakwa mafuta, basi.

Harusi ikiwa kesho kutwa, akaitwa mbio. Jasleen alikuwa amevimba uso mzima, mwekundu, analia na anaogopa kujifuta machozi. Asubuhi hiyo wanawake wa ukoo walikuwa wamemsugua manjano yaliyokandwa kwa unga na mafuta, ndiyo desturi, na wa kwanza kusugua alikuwa nyanya yake, Biji.

"Milcah, msaidie huyu mtoto," akasema Ravneet, mama yake Jasleen. "Biji amesugua na nguvu sana. Na tulimwambia polepole!"

Biji alikuwa kwenye kona, mikono yake ya manjano mapajani. Hakuna aliyekaa karibu naye.

Milcah alielewa papo hapo. Ngozi ilikuwa imeshachubuka kabla ya manjano kuigusa, na mchubuaji alikuwa yeye. Wala hakuna aliyemshuku. Angenyamaza tu, angeshukuriwa, na wateja wa Parklands wangezidi kuja. 

Akamwosha Jasleen taratibu kwa maji matupu. Kisha akasema, "Si Biji. Ni losheni yangu. Imetoa ngozi ya juu, na mimi sikuuliza kama mtampaka kitu."

Ravneet akamrudishia chupa yake ya losheni na kumfungulia mlango. "Usirudi hapa," akasema, bila kupaza sauti.

Biji akamshika mkono akipita. "Asante, mtoto yangu," akasema. "Lakini hiyo uso, itapona kabla ya harusi?"

Milcah, bingwa wa maswali, alisimama pale mlangoni na chupa yake.