Mikono ya Mama Mdogo kwenye Skrini

Kazini walimwita Mama Draiva, ingawa hakuwa na mtoto wala gari. Jina lilitokana na kazi yake. Draiva ni programu ndogo inayokaa ndani kabisa ya kompyuta, kwenye kile kiini ambacho mtumiaji wa kawaida hakigusi, na shughuli yake ni kukiwezesha kiini kuelewana na kifaa kilichochomekwa, kiwe kamera, printa au chochote kile. Ikifanya kazi vizuri hakuna anayejua kama ipo. Ikikosea, kila mtu anajua, na simu ya Mama Draiva hailali.

Watu walishangaa mwanamke mpole vile aliipendea nini kazi ya kichwa kigumu namna hiyo. Mwenyewe hakuona ajabu. Mama yake alikuwa kiziwi, na tangu hajang'oka meno ya utoto ndiye aliyekuwa mkalimani wake dukani, benki na kwa daktari. Alizoea kusimama katikati ya watu wawili wasioelewana na kubeba maneno ya huyu mpaka kwa yule bila kuyamwaga njiani. Draiva ni hivyo hivyo, alikuwa akisema, tofauti ni kwamba kifaa hakikugombezi ukikitafsiri vibaya. Mama yake alimgombeza sana.

Waliishi wawili, mama na binti, katika nyumba ambayo ukitaka kumwita mtu unagonga sakafu kwa kisigino au unazima taa na kuiwasha. Maneno yalikuwa ya mikono, na sheria ilikuwa moja tu: mtu akisema, mtazame. Kumgeuzia macho pembeni mtu anayesema kwa mikono ni sawa na kuziba masikio mbele yake.

Uziwi ulikuwa wa ukoo. Babu alikuwa kiziwi, akawazaa mabinti wawili viziwi, mama na mama mdogo. Uzeeni mikono ya babu ilianza kutetemeka, kidogo kidogo, mpaka maneno yake yakawa hayashikiki tena. Mama hakupenda kuisimulia habari hiyo. Akiigusa aliishia palepale, kwamba babu alikufa akiwa na maneno tele ambayo hakuna aliyeyaelewa, kisha angeinuka kutafuta cha kufagia.

Mama mdogo, mjane, aliishi mji mwingine, mbali. Chama cha viziwi cha mji huo kilipewa kamera kuukuu na kituo kimoja cha televisheni kilichofunga milango, wakatenga chumba ili wanachama wazungumze na jamaa zao kwa video. Kamera zilikuwa nzima, ila za zamani mno kuingia kwenye kompyuta bila kadi ya kunasa picha, na kadi walizozipata kwa bei ya kutupa hazikuwa na draiva. Mama Draiva aliposikia akajitosa. Wakamwazima kamera moja, wakamtumia pamoja na kadi moja, na wikiendi zake zote zikaishia hapo.

Kamera za aina ile zina ujanja wake. Hazitumi picha nzima kwa mkupuo mmoja. Zinatuma kwanza mistari ya witiri, wa kwanza, wa tatu, wa tano, hadi chini. Halafu, kufumba na kufumbua, zinarudi juu kutuma ile ya shufwa iliyorukwa. Kwa hiyo picha kamili ya mistari 576 kwa kweli ni nusu mbili za mistari 288, na nusu moja imepigwa baadaye kidogo kuliko ile nyingine. Kitu kilichotulia hakijali. Kitu kinachokwenda kinakuwa kimeshasogea.

Sasa, draiva lazima itangaze kimo cha picha inayotoa, yaani idadi ya mistari yake. Kadi ile ilitoa nusu moja moja, kwa hiyo kimo cha haki kilikuwa 288. Mama Draiva aliona haya kukitangaza. Nani ajitape kwa nusu wakati nzima ipo? Akaifanya draiva izifume nusu mbili kuwa picha moja, ikatangaza 576, na picha ikatoka imejaa, kali, ya kupendeza. Mmoja wa wanaotunza kile kiini cha kompyuta, mkaguzi wa draiva mpya ambaye hawajawahi hata kuonana, alimwandikia kumuuliza kama ana hakika ni nusu ipi iliyotangulia. Na kama hana, atangaze kimo cha nusu, azitoe nusu kwa zamu, na programu ya kuonyesha picha itajua la kufanya. Mama Draiva akamwona mchokozi. Alimjibu kwa adabu zote, kisha akaipeleka draiva yake kwenye chama bila kumsubiri.

Alikuwa ameijaribu, lakini. Aliielekeza kamera kwenye kalenda ya ukutani, ikaonekana hadi herufi ndogo za mwaka. Ni kweli kalenda ilionekana vizuri. Kalenda haikimbii.

Jumapili ya kwanza dada wale wawili walizungumza mchana kutwa, na Mama Draiva akajiondokea jikoni kuwaachia nafasi, kichwa kimemvimba kwa furaha. Jumapili ya pili mama alimaliza mapema. Ya tatu hakugusa chakula. Binti alipombana, mama akasema, mikono yake ikiwa chini chini kama mtu anayenong'ona.

"Mikono ya mdogo wangu inatetemeka. Ni kama ya baba."

Binti akauliza kama amemuuliza mama mdogo mwenyewe. Mama akamkazia macho. Katika ukoo wao mtu haulizwi habari za mikono yake. Lakini alikuwa amekwisha kupiga hesabu yake ya huzuni: maneno ya mdogo wake yataanza kukatika, wa kumwelewa hatakuwepo, na yeye atashuhudia tena kile alichokishuhudia kwa baba yao, safari hii kwenye kioo.

Mama Draiva hakuweza kukaa. Aliichukua ile kamera ya kuazima, akaielekeza kwake mwenyewe, akapunga mkono. Kwenye skrini mkono wake ulitetemeka. Ulikwenda mbele, ukarudi nyuma kidogo, ukaenda tena, na kingo zake zilikuwa na meno kama kitana. Alikuwa amefuma nusu ya baadaye mbele ya iliyotangulia. Alikaa sakafuni akacheka peke yake huku machozi yakimtoka, kwa maana hajawahi kulifurahia kosa lake namna ile.

Akaenda kumwambia mama: si ugonjwa, ni mimi, ni draiva yangu. Mama alimpiga kofi la bega, la mapenzi na la hasira kwa pamoja, kisha akapakua chakula akala, akaongeza. Usiku ule alilala fofofo. Mama Draiva akairekebisha kazi yake akiwa mnyenyekevu: akatangaza 288, kila nusu ikatoka peke yake, kwa mfuatano wake, kwa ukubwa wake wa kweli. Akamwandikia mkaguzi kumwomba radhi. Msimamizi wa chumba cha chama akaipakia draiva mpya.

Jumapili iliyofuata binti hakwenda jikoni. Alikaa kando ya mama. Skrini ikawaka, na kitu cha kwanza walichokiona ni msimamizi akipita na kiti mikononi, picha yake laini, kingo bila jino hata moja. Mama akamgeukia binti, uso mkunjufu, akamfinya shavu. Kisha mama mdogo akaketi mbele ya kamera, akainua mikono kusalimu.

Wa kushoto ulikuwa umetulia. Wa kulia ulikuwa ukitetemeka.

Si kama zamani. Hakukuwa na meno, hakukuwa na kwenda na kurudi. Ni mtetemo mdogo, wa haraka, na mama mdogo alipouweka pajani haukukoma. Mama alimtazama binti yake akisubiri. Mama Draiva alijua anachosubiriwa kusema, na kusema kulikuwa rahisi: bado kidogo mama, nitarekebisha. Mama angemwamini. Angekula, angelala. Alitamani sana kulisema.

"Picha iko sawa, mama," alisema kwa mikono.

Mama mdogo aliyaona hayo kwa upande wake, naye akatabasamu kwa aibu. Alisema imeanza muda mrefu kidogo. Alisema aliipenda mashine ilipokuwa mbovu, kwa sababu kila aliyekaa kwenye kiti kile alitetemeka kwenye picha, na yeye alikuwa mmoja wao tu. Halafu akamuuliza mpwa wake, kama mtu anayeomba chumvi, ikiwa ile ya zamani inaweza kurudishwa. Mama Draiva akajibu kwamba inaweza. Ilikuwa kweli, isingemchukua hata muda.

Mama akaushika mkono wa binti yake, akaushusha.

"Usirudishe," alisema. Kisha akaigeukia skrini. "Baba tulimwacha sisi. Mikono yake ilikuwa inasema, tukaona vibaya kuitazama, tukawa tunatazama sakafu. Mimi nilitazama sakafu mwaka mzima. Si mikono iliyomnyamazisha."

Mama mdogo aliutazama mkono wake wa pajani.

"Wewe sema," mama akamwambia. "Sema polepole, rudia ukitaka. Mimi nakutazama."

Akavuta kiti mpaka magoti yakagusa meza. Upande wa pili mama mdogo aliinua mikono yote miwili, ule uliotulia na ule usiotulia, akaanza kueleza tangu siku alipodondosha kikombe. Neno la tatu lilimpotea mama. Akaomba lirudiwe, likarudiwa, akalishika.