Bolti ya Delmar

Pikapu ilizimika mara ya tatu, mbele ya ghala la ngano, na Delmar Wiebe akalipiga tairi teke mpaka kidole kikamuuma. Ukiiacha dakika kumi inawaka, ukienda maili mbili inazima. Na kesho saa nne asubuhi ndiyo iliyotakiwa kumpeleka marehemu mdogo wake Orville makaburini, maili sita za vumbi. Huku Kansas mkulima habebwi na gari la kukodi ikiwa pikapu yake mwenyewe ipo.

"Labda pampu," alisema Lorene, mjane wa Orville, aliyekuwa amekaa ndani ya gari.

"Pampu mpya, shemeji! Kabureta nimeisafisha mara mbili! Jamaa kaniachia mkosi, basi!"

"Usimtukane marehemu mbele yangu. Siku ile mnafunga tangi alikuambia nini?"

Delmar alikuwa anakumbuka vizuri mno. Mwezi wa tano walitoa tangi bovu lililokaa nyuma ya kiti, wakafunga jipya chini ya bodi. La zamani lilipumua kwa mfuniko, na kwa miaka sitini liliwanukisha petroli hadi kanisani. Delmar alikuwa amechoshwa na harufu ile. Kwa hiyo lile jipya alilitia mfuniko usiopitisha hewa, na kibomba kilichochomoza juu yake akakiziba kwa bolti.

"Kaka, liachie pa kupumulia; hewa isipoingia, petroli haitoki," Orville alimwambia.

"Nilikuwa nafungua injini wewe bado unanyonya! Usinifundishe!"

"Haya, bwana mkubwa." Orville akaondoka zake. Hawakusemeshana tena, na mwezi wa nane moyo ukamsimama shambani.

Delmar akafungua mfuniko. Hewa ikaingia kwa mluzi mrefu, kama mtu aliyekabwa akaachiwa. Akajitupa chini ya gari, akaing'oa ile bolti huku akiitukana, kisha akajitukana mwenyewe.

Asubuhi pikapu ilikwenda maili zote sita bila kukohoa hata mara moja, na hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote. Wenzake walipotupa udongo kaburini, yeye alitoa bolti mfukoni akaitupa. Ikagonga jeneza.

"Haya, umeshinda!" alifoka, machozi yakimtiririka. "Si uamke basi unicheke!"