Kijiji Alichokibuni Karn-ji

Watu wa mtaa wa Musallahpur wakimtaja Karn-ji hushusha sauti, kana kwamba bado anaweza kuwasikia na kuwauliza swali. Mimi sishushi. Nilimfanyia kazi miaka minne. Mitatu nilimchukia, na ule wa kwanza siuhesabu kwa sababu nilikuwa bado mgeni.

Jina lake kamili ni Kameshwar Lal Karn, hiyo "ji" ni ya heshima tu, mtu wa Darbhanga, mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Aliujaribu mtihani wa uafisa mara saba. Mara tatu alifika mpaka kwenye usaili, na mara zote tatu wakamrudisha. Umri ukampita. Badala ya kurudi kwao kulima, akakodi ghala la viazi nyuma ya soko la mtaa ule, mjini Patna, akapanga mabenchi, akaanza kufundisha matukio ya sasa: nani kateuliwa, nani kapewa tuzo, mpango gani wa serikali umezinduliwa tarehe ngapi na waziri yupi alikata utepe. Wenzake walifundisha historia na hesabu, vitu visivyooza. Yeye alikuwa kama muuza samaki, cha jana hakina mteja. Kila mwezi alitoa kijitabu kipya, kurasa sitini, na kila Jumapili asubuhi tulikuwa na marudio. Anarusha swali, watu mia sita wanajibu kwa pamoja, na macho yake yanamsaka aliyechezesha midomo tu.

Hakujua jina la mwanafunzi hata mmoja. Alituita kwa wilaya zetu. "Wewe Saharsa, simama. Jana umekata habari hii kwa mkasi wako mwenyewe, leo huijui? Mkono wako una akili kukuzidi." Saharsa ndiye mimi. Nilikuja kwake nikiwa na miaka thelathini na sita, darasa zima likiniita dada, yeye peke yake akiniita kama kituo cha treni.

Sikuwa na ada, kwa hiyo nililipa kwa kazi. Kila alfajiri nilipokea magazeti matano, nikakata habari zinazoweza kutungiwa swali, nikazifupisha kwa mistari miwili miwili, nikampelekea kabla ya saa mbili. Akishanakili alinitupia vipande vyangu akisema nibebe takataka zangu. Nilivibeba. Kitu ulichokiamkia saa kumi alfajiri hukitupi hivi hivi, basi nikavitia kwenye gunia la mchele chini ya kitanda, katika chumba nilichopanga pamoja na binti mmoja wa Siwan, Nutan, naye mwanafunzi wa Karn-ji.

Sasa, ng'ambo ya barabara alikuwapo mwalimu mwingine, Nagmani, ambaye nadhani hakuwahi kufungua gazeti ila kufungia karanga. Alisubiri kijitabu cha Karn-ji kitoke, akabadilisha jalada, akachapa chake. Karn-ji, badala ya kwenda mahakamani, akatega. Kila mwezi, akiwa kwa mchapishaji peke yake, alipachika uongo mmoja mdogo ndani ya kijitabu. Nagmani akiunakili, ameumbuka. Kisha Jumapili ya mwisho ya mwezi, milango ikiwa imefungwa, Karn-ji aliwaambia wanafunzi wake wafute ukurasa fulani mstari fulani, na akawapa ukweli wake. Tulijivunia sana kufuta. Tulijiona watu wa siri moja, wajinga sisi.

Mwaka ninaousimulia ulikuwa wangu wa mwisho. Mtihani wa ukarani wa jimbo ulikuwa Aprili. Agosti ningetimiza arobaini, na mwanamke akishavuka arobaini serikali haimtaki hata kumfagilia uwanja. Kaka yangu alikwisha sema kwamba Septemba atanifuata, nikapike kwake na kufulia wanawe. Hakusema kwa ubaya. Alisema tu kama mtu anayepanga siku ya kuvuna.

Jumapili ya mwisho ya Februari, Karn-ji alipanda jukwaani na vijitabu viwili mkononi, chake na cha Nagmani. Cha Nagmani kilikuwa kimeingia madukani siku mbili kabla ya chetu. Hakuuliza swali hata moja.

"Kuna mtu humu anayelishwa na mimi na kunyea kwa jirani," alisema. "Saharsa, simama. Nagmani alikupa nini?"

Nilisema hakunipa kitu, simjui. Akasema mwanamke wa umri wangu asiye na mume wala kazi atauza chochote. Watu mia sita walinigeukia, na wengine wakacheka, maana kwake usipocheka unafuata wewe. Akaniambia nitoke.

Nje ya mlango kulikuwa na rundo la ndala za watu mia sita. Nilikuwa nikitafuta zangu, machozi yakinizuia kuona, niliposikia ndani kurasa zikifunuliwa zote kwa mpigo. Walikuwa wanafuta. Mstari gani, sikusikia. Nutan hakuniambia, kwa sababu alidhani aliyekiandika kijitabu anaujua uongo wake. Nami sikumuuliza, kwa sababu nilikwisha apa kutolitaja jina la Karn-ji chumbani mle.

Nikasoma kijitabu kile mpaka uzi wake ukakatika. Mara arobaini labda. Ukurasa wa thelathini na moja kilisema kwamba tuzo ya kwanza ya jimbo ya kufufua bwawa la kale ilikwenda kwa kijiji cha Karnauli. Habari ile niliikata mwenyewe, lakini niliikata Januari, kati ya nyingine mia tisa, na karatasi iliyochapwa ina nguvu kuliko kumbukumbu ya mtu mwenye usingizi. Aprili swali likaja, vijiji vinne, chagua kimoja. Nikachagua Karnauli bila kupepesa.

Wiki mbili baadaye tume ya mitihani ikatoa majibu ya awali. Nutan alisoma kwenye simu yake, akakaa chini sakafuni. Majibu ya tume yalisema Karnauli.

"Dada, hakuna kijiji kinaitwa hivyo," alisema. "Karn-ji alikitunga kutokana na jina lake. Alituambia tufute, tuandike Bhitha Belahi. Sasa sisi tuliofuta ndio tumekosa?"

Ndivyo ilivyokuwa. Mtunzi wa maswali, profesa fulani mvivu asiyetajwa jina, alinunua kijitabu cha Nagmani akatunga humo. Jibu sahihi linaleta alama moja, kosa linakula theluthi. Kwa mahesabu yetu ya mtaani mimi nilikuwa nimepita kwa upana wa unywele, na Nutan alikuwa nje kwa upana huohuo. Kulikuwa na siku tatu za kuweka pingamizi, na tume ilitaka ushahidi wa maandishi, karatasi yenyewe, si picha. Nutan akauliza kuhusu gunia langu. Nikamwambia nililiuza kwa mnunuzi wa makaratasi siku niliyofukuzwa.

Alipotoka kwenda kuchota maji nililivuta gunia lililofichwa na blanketi, nikachakura mpaka nikakipata kipande chenyewe. Bhitha Belahi, mistari sita na picha ya wazee wamesimama kwenye tope. Nikakiweka chini kabisa ya sanduku langu la bati, na gunia nikalipeleka kwa mnunuzi kweli, ili nisiwe nimesema uongo mzima.

Nutan na wenzake waliofuta walihangaika. Maktaba walikuta gazeti la siku ile lina dirisha: mtahiniwa fulani alikwisha pita na wembe, kama tunavyofanya sote. Gazeti lenyewe lilikuwa toleo la mkoani, halikubaki popote. Jumamosi mchana Karn-ji akaja mlangoni kwangu, kwa miguu, jasho limemlowesha kanzu. Hakuketi. Alisema ana vijana zaidi ya mia moja watakaoanguka kwa sababu ya mtego wake, na kwamba yeye ndiye aliyenitupia kile kipande kwa mkono wake, kwa hiyo anajua ninacho.

Nilifikiri haraka. Nilimjua mtu yule. Angeweza kukatwa mkono, lakini si kuomba radhi.

"Kesho ni Jumapili," nilimwambia. "Simama palepale uliponiitia mwizi, mbele ya walewale, useme mimi si mwizi. Sema kwanza, mwalimu, ndipo tuongee habari za vipande."

Akajifuta uso kwa pindo la kanzu. Akaondoka, nami nikafurahi, nasema kweli, nilifurahi hadi nikapika wali na samaki. Nilikuwa nimepata njia ya kukataa huku lawama ikibaki kwake.

Jumapili nilikwenda ili nimwone akishindwa. Nilisimama nyuma, karibu na mlango. Alipanda jukwaani bila kijitabu.

"Mwezi wa pili nilimsingizia mtu humu ndani," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, hata waliokaa nyuma wakainuka. "Anaitwa Rampari Mandal. Hakuiba kitu. Aliyeuza kijitabu ni kibarua wa mchapishaji, nami nililijua hilo tangu Machi nikanyamaza, kwa kuwa niliona aibu. Dada Rampari, nisamehe." Kisha yule mwanamume akakutanisha viganja vyake na kuniinamia, mbele ya watu mia sita, na hakuna aliyecheka.

Sikujua kwamba analijua jina langu. Tangu Machi, alisema. Tangu Machi alijua, na Machi yote nililia kwenye mto. Hayo ndiyo niliyojiambia wakati natembea katikati ya mabenchi kumwendea, kwamba tangu Machi alijua. Lakini sitaki kudanganya tena: hata kama angekuwa amejua asubuhi ileile, ningefanya nilichofanya. Agosti ilikuwa inakuja.

Nilimwambia, kwa sauti ya kusikika na wa mbele, kwamba nimemsamehe, na kwamba kipande sina. Gunia nililiuza, wamuulize mnunuzi wa makaratasi. Walimuuliza. Akasema ndiyo, dada aliniuzia gunia, limekwisha kwenda kiwandani.

Saa kumi na moja jioni muda wa pingamizi ulifungwa. Karn-ji alipeleka barua ya kukiri kwamba kijiji ni cha kubuni, imetiwa saini na muhuri. Tume haikuijibu. Mwaka uliofuata hakuwa na wanafunzi hata hamsini, na Nagmani akachukua ghala lile la viazi.

Mimi ni karani wa ofisi ya tarafa huko Araria, mwaka wa sita sasa, na nyumba ya serikali yenye bomba lake. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu inakwenda mpaka pensheni.

Nutan alikosa kwa alama moja. Siku niliyoondoka alinisindikiza mpaka stendi, na sanduku langu la bati akanikataza kuligusa. Alilibeba mwenyewe kichwani, njia nzima, akisema dada asianze kazi na mgongo unaouma.