Litungu la Baba na Mkono wa Mama

Mwaka jana nikiwa njiani kwenda nyumbani Kemambo nilishuka Nyamongo kununua maji. Nikajikuta nimesimama natega sikio, sijui nasikiliza nini. Baadaye ndiyo nikagundua kwamba nyundo hazipo. Kama ulikulia upande ule enzi za dhahabu utanielewa. Kutwa nzima ilikuwa ko, ko, ko, wanawake wameketi chini ya maturubai wakiponda mawe, mama yangu akiwa mmoja wao. Nikitoka shule nilimpelekea uji wa ulezi, nami nachukua nyundo ndogo. Lile vumbi tulilila mpaka kwenye ugali.

Baba alikuwa mpiga litungu kabla hajawa mchimbaji. Wakurya tunalijua: bakuli la mti lililowambwa ngozi, mikono miwili ya mti, na nyuzi nane nene. Watu wa harusi walimfuata mpaka machimboni. Siku moja jiwe likamwangukia ndani ya shimo, likamkata vidole viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati.

Kidonda kilipona. Akajaribu kupiga, akakosea, akajaribu tena, kisha akalitundika jikoni juu ya moshi. Hakulia wala hakugomba, aliacha tu kuongea. Alikula, akachunga ng'ombe, akalala. Hadi siku moja kuni zilikuwa mbichi, jiko linafuka, akamwambia mama, "Si uchukue ule mti wa juu? Umekauka vizuri."

Asubuhi iliyofuata, baba alipokwenda malishoni, mama alilishusha litungu, akalifunga mgongoni kwa khanga kama mtoto, akaniambia nivae viatu. Siku zile kwetu mwanamke hakuligusa litungu.

Tulianzia kwa seremala mmoja Mwislamu, mtu wa pwani, aliyekuwa akitengeneza magitaa ya kwaya pale Nyamongo. Aliligeuzageuza, akaikwaruza ngozi, akalirudisha. "Mama, gundi na msasa naviweza. Lakini sauti ya hili sikuzaliwa nayo, nitakuharibia. Kuna mzee Machochwe anachonga haya. Mtafute huyo."

Lori la mahindi likatufikisha Mugumu, na kutoka hapo tukatembea. Njiani mwanamke mmoja alitaka kumwona mtoto wa mgongoni. "Mbona halii?"

"Amelala," mama akasema. Nililazimika kutazama pembeni.

Mzee tulimkuta uani anakwangua ngozi, mikono inanuka mafuta ya ng'ombe. Nikamwamkia shikamoo. Akalipokea litungu, akaligonga kwa ukucha, akasikiliza.

"Hili halina ugonjwa. Mwenyewe yuko wapi?"

Mama akamweleza habari za vidole.

"Basi mmeniletea kiatu bila mguu. Nitakipima kwa nani? Rudi ukamlete."

"Hatakuja."

Mzee akainua mabega, akarudi kwenye ngozi yake. Nilidhani safari imeishia hapo. Mama akaketi chini mbele yake, akanyoosha mkono wa kulia.

"Funga viwili."

"Mama, hili halipigwi na wanawake."

"Sikuja kupiga. Nimeleta mguu."

Mzee akakata ukanda wa ngozi, akamfunga cha shahada na cha kati vikalala kwenye kiganja. Kazi ikaanza. Alishusha kile kijiti kinachobeba nyuzi, akazisogeza mbili zikae karibu na dole gumba, akang'oa zilizochakaa na kuweka mpya, akabadilisha mpangilio wa sauti ili kidole cha pete kisiende mbali. Kila mara alisema, "Jaribu." Na mama akajaribu.

Ndipo nilipojua kwamba nyimbo zote za baba alikuwa nazo. Alizipiga polepole, anakosea, anarudia, anamwambia mzee huu uzi uko juu, huu umelala. Mke wa mzee alikuja na maziwa mgando, akasimama mlangoni na kibuyu mkononi, akasahau kutukaribisha. Tulilala kwao, na asubuhi wakaendelea.

Nyumbani tulimkuta baba ameketi nje. Hakuuliza tulikuwa wapi. Mama akalifungua litungu mgongoni, akaketi, akakunja vidole vyake viwili, akapiga mwanzo wa wimbo wa kumtoa bibi harusi. Baba akasimama.

"Nani kakufundisha?"

"Wewe. Ulidhani nilikuwa nasikiliza nini jikoni?"

Baba akanyoosha mkono, akalipokea. Siku za mwanzo ilikuwa kelele tupu, kuku walihama uani. Lakini kabla ya mavuno alipiga harusi ya jirani. Haikuwa sauti ile ya zamani. Ilikwenda polepole, ina nafasi katikati, na vijana wakajifunza kuzijaza zile nafasi kwa kishindo cha mguu. Mama hakuligusa tena, hata baba alipomwambia alishike.

Yule mzee wa Machochwe alifariki bila kumwachia mtu kisu chake. Baba naye ameondoka. Kabla ya hapo alikuwa amefundisha vijana kadhaa. Sasa wametawanyika, mmoja yuko Sirari anauza vipuri vya pikipiki, wengine sijui. Enzi zile walikuja pale uani jioni, vidole vyao vyote vizima, wakaketi mbele ya baba, na kila mmoja akakunja viwili, akidhani ndivyo litungu linavyopigwa.

Mama alikuwa akiwaona kutoka mlango wa jikoni. Hakuwahi kuwaambia.