Kaburi Bondeni

Kwa miaka ishirini na sita Milembe alilima mpunga bondeni jirani na Lamadi, kwenye majaruba aliyoyachimba pamoja na mumewe, Ndaki. Ndaki alipofariki alizikwa palepale shambani, kwenye kijilima. Baadaye bonde likatangazwa hifadhi ya ndege, wakulima wakahamishwa, na Milembe akapata kibarua cha kubomoa kingo za majaruba yake ili maji yarudi. Aliibomoa kazi yake kwa jembe lake mwenyewe, wiki tatu.

Maji yakarudi, matete yakaota, korongo wakaja. Milembe akaenda kupalilia kaburi. Akazuiwa na Paschal, askari wa hifadhi, ambaye zamani alikuwa akimvunia mpunga.

“Mayu, mama yangu, korongo ametaga juu ya kaburi. Ndipo palipobaki pakavu. Subiri vifaranga waruke.”

“Mpaka lini?”

“Miezi mitatu.”

Akasubiri. Aliporudi, vifaranga walikuwa wameruka, na maji ya masika yamelifunika bonde lote, hata kijilima. Paschal akamwonyesha kwa kidole mahali alipodhani kaburi lilikuwa.

“Si hapo,” Milembe alisema, akaanza kulia.

Paschal akamwomba apunguze sauti, maana wageni walikuwa wanawapiga picha ndege.